Hapa Niite Fundi

Gari ikiletwa kwangu na maelezo marefu, mimi hukasirika kabla sijaigusa. Gari itajieleza yenyewe. Wewe leta ufunguo, kaa pale kwenye benchi, kunywa soda yako, niache nisikilize. Ndivyo ninavyowaambia wote wanaokuja gereji yangu hapa Suna, na ndivyo nilivyomwambia Ahmednur alipokuja Alhamisi na ile Altezza yake ya rangi ya fedha na gunia zito kwenye buti.

Ahmednur anauza magodoro na mapazia mjini Migori, duka alilorithi kwa marehemu baba yake. Ni kijana mstaarabu, huniita Mzee Nyabuto hata akiwa amekasirika. Lakini siku hiyo aliongea mno. Ati gari ni tamu, injini yake ya pistoni nne bado inavuta kuliko hizi za juzi, ila mvua ikinyesha tu hapandi kile kilima cha kwake. Tairi moja ya nyuma inazunguka bure kwenye tope, nyingine imetulia haina habari. Mkewe Hadiya ameshashuka kusukuma mara mbili na tumbo lake, na sasa siku zake zimekaribia, na hospitali iko upande wa pili wa hicho kilima. Kwa hiyo ameenda Homa Bay akanunua LSD, difu nzima, imetolewa kwenye Altezza nyingine. Nimfungie tu.

Kwa asiyejua, difu ni kile chungu cha chuma kilicho katikati ya magurudumu ya nyuma, kinachogawa nguvu kushoto na kulia. Ya kawaida ina ujinga mmoja: tairi inayoteleza ndiyo inayopewa nguvu yote, na ile iliyokanyaga pakavu inabaki bila kazi. LSD ina sahani ndani yake. Tairi moja ikianza kuteleza, sahani zinakamatana, na ile nyingine inapata nguvu ya kusukuma. Sisi hapa huiita difu ya kushika.

Nilikuwa sijaigusa difu ya kushika kwa miaka mitatu, na nilikuwa nimeapa sitaigusa. Nikafungua mdomo nimwambie Ahmednur apeleke gari kwingine. Lakini alikuwa ameshaliburuta gunia hadi miguuni pangu na kulifungua.

Nikaona rangi ya kucha.

Nyekundu iliyokolea, nukta moja kwenye kichwa cha kila bolti ya kifuniko, na mstari mwembamba pale inapofungwa propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu toka mbele. Mafundi wengine huweka alama kwa tindo, wengine kwa chokaa. Toka Migori hadi Homa Bay ni mtu mmoja tu anayeweka alama kwa rangi ya kucha, na huyo mtu nimemzaa mimi. Nikamwambia Ahmednur aache ufunguo aende zake. Akauliza kama kuna shida. Nikamwambia shida ni maneno mengi.

Nyatichi ni kifungua mimba wangu. Alipomaliza kidato cha nne alisema hataki chuo, anataka spana. Nilifurahi, ila sikumwonyesha. Nilimwekea sheria moja tu, siku ya kwanza, palepale getini. Nyumbani mimi ni Tata, kama kila baba wa Kisii alivyo Tata kwa watoto wake. Lakini akivuka geti hili mimi si Tata tena, mimi ni Fundi. Sikutaka mteja aseme msichana yuko hapa kwa sababu ya damu. Akaniambia sawa, Fundi, na tangu hapo hakukosea. Jioni tukitembea kurudi nyumbani, tukifika kwenye kinu cha posho, ndipo alipokuwa anabadilisha: Tata, leo tunakula nini? Niliingoja hiyo Tata ya kinuni kutwa nzima, na sikumwambia hata siku moja.

Hiyo rangi ya kucha nayo ina kisa chake. Sisi ni Wasabato, na mke wangu Mokeira ni shemasi kanisani. Kwangu huoni hereni wala mkufu. Siku moja akikunja nguo za Nyatichi akakuta kichupa chekundu. Wee, siku hiyo hatukulala mapema. Alituita sote sebuleni akakiweka mezani, akauliza ni nani aliyeanza kupaka kucha katika nyumba hii. Nyatichi alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni ya bolti. Akaeleza kwamba chokaa inafutwa na oili lakini hii haifutiki, na yeye akishakaza bolti kwa mara ya mwisho anaitia nukta, ajue amemaliza nayo. Mokeira alikagua vidole vyake vyote kumi, ndipo akamrudishia. Mimi nilimtania mwezi mzima, nikamwita fundi wa saluni. Lakini sijawahi kuona bolti ya Nyatichi ikilegea.

Halafu ikaja gari ya Arasa.

Arasa hununua dhahabu kule Masara, mtu wa kelele, haongei bila kusikika barabara ya pili. Wakati huo Nyatichi alikuwa na Altezza yake nyeupe. Aliinunua haina injini akaifufua mwenyewe, mwaka mzima, kila Jumapili. Alikuwa ameifungia difu ya kushika, na Arasa aliiona ikipanda tope la Masara wakati gari kubwa zimekwama. Akataka Altezza yake ifanywe hivyohivyo. Nyatichi akamfungia. Siku mbili baadaye Arasa alirudi akipiga honi toka barabarani: gari inalia.

Kulikuwa na watu kama kumi hapo gerejini. Niliingia ndani ya gari mwenyewe, nikakata usukani mpaka mwisho, nikazunguka uwanja polepole. Gru, gru, gru, chini ya kiti cha nyuma, kama mtu anayeburuta kabati. Miaka thelathini nimesikia difu zikifa, na huo mlio niliujua, au nilidhani naujua. Nikashuka, nikasema mbele ya wote kwamba kitu kimeharibika, huyu msichana amemfungia mteja takataka.

Nyatichi alikuja mbio akifuta mikono. Hapo ndipo alipovunja sheria, mara ya kwanza na ya mwisho.

"Tata, nisikilize," alisema. "Haijaharibika. Ni sahani zinashikana kwenye kona. Ndivyo zinavyolia."

Mnaona basi. Nilielezwa, tena kwa maneno machache ninayoyapenda. Lakini sikusikia habari ya sahani hata kidogo. Nilichosikia ni Tata, mbele ya wateja, na Arasa akitabasamu.

"Hapa hakuna Tata," nikamwambia. "Hapa niite Fundi. Na wewe hapa hujui kitu."

Niliitoa ile difu kwa mikono yangu, nikamrudishia Arasa ya zamani, nikamwambia asikubali tena binti huyu aguse gari yake. Nyatichi alisimama pale hadi nikamaliza. Kisha akasema sawa, Fundi, akapakia spana zake kwenye ile Altezza nyeupe, akaenda Homa Bay. Nikamwambia Mokeira jina lake lisitajwe tena mezani kwangu mpaka atakaporudi kuomba msamaha. Hakurudi. Mimi nikakaa na ukali wangu nikiulea miaka mitatu, nikidhani kwamba nimekosewa.

Sasa difu yake ilikuwa miguuni pangu, ndani ya gunia. Na nilijua jambo moja: Nyatichi hawezi kuitoa difu hii kwenye gari yake akiwa salama. Ile gari ilikuwa kila kitu chake. Kama difu iko hapa, mtoto yuko wapi?

Ijumaa asubuhi niliinua gari ya Ahmednur nikaiweka kwenye vigingi, nikaingia chini peke yangu. Kabla sijafungua kitu nilifanya kile kipimo tunachofanya sote. Niliisukuma tairi ya kushoto mbele kwa mkono, na ya kulia ikazunguka nyuma. Difu ya kawaida ndivyo ilivyo, huyu akienda mbele yule anarudi. Nikamwaga oili, nikatoa propela, nikachomoa shafti mbili za pembeni, nikaishusha ile ya zamani kwa jeki. Nikainua ya Nyatichi. Ni nzito, na umri wangu si ule, lakini sikuita mtu anisaidie. Nilipofika kwenye ule mstari mwekundu nikalinganisha nao propela, na kidole gumba changu kikakaa palepale kilipokaa chake. Nikafunga kila kitu, nikajaza ile oili nzito ya gia ninayoijazia kila difu. Kisha nikaisukuma tena tairi ya kushoto. Ya kulia ikamfuata mwenzake, zikaenda mbele pamoja.

Ahmednur alikuja baada ya swala, kanzu nyeupe, akasimama mbali asichafuke. Niliingia nikakata usukani, nikazunguka uwanja. Gru, gru, gru.

Nitasema ukweli, Mungu anisamehe. Nilifurahi. Kwa muda wa mzunguko mmoja nilifurahi sana, nikasema kimoyomoyo, unaona, nilikuwa sahihi, takataka ni takataka. Nikashuka na huo uso wa ushindi nikamwambia Ahmednur ameibiwa, difu imekufa.

Ahmednur akacheka. Akasema, hapana, Mzee Nyabuto, hiyo ni kawaida. Yule muuzaji wa Homa Bay alimwambia kabisa kwamba italia hivyo akikata kona. Na yeye muuzaji alikuwa ameambiwa na aliyemletea, akasisitiziwa kwamba atakayeinunua asiogope. Ikilia, ndiyo inafanya kazi. Ikinyamaza kabisa, basi sahani zimekwisha.

Nikamjibu kwamba tutaona.

Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Tulienda hadi kwenye kilima chake, tope jekundu, mifereji miwili iliyochimbwa na malori. Ahmednur akaniachia usukani. Nilitia gia ya kwanza nikapanda. Katikati ya kilima tairi ya kulia ikaanza kuteleza, nikaisikia. Kisha nikasikia ile nyingine ikikamata. Gari ikatikisa matako kidogo, ikanyooka, ikapanda hadi juu bila kelele. Hadiya alikuwa mlangoni ameshika mgongo. Alinishukuru, akasema sasa atalala. Nilimwitikia kwa kichwa tu. Nilikuwa nimemfukuza mtoto wangu kwa kosa ambalo halikuwepo.

Sabato yote nilikaa kanisani sikusikia neno. Nilikuwa nimemwomba Ahmednur aniachie gari hadi Jumatatu, nikamdanganya kwamba difu inataka safari ndefu ya kujaribiwa kabla Hadiya hajapanda. Jumapili asubuhi nikamwambia Mokeira kwamba naenda kuangalia injini, nikashika barabara ya Rongo, nikaelekea Homa Bay. Kwenye barabara iliyonyooka ilikuwa kimya. Lakini kila nilipokata kona ya karibu, pale nilipojaza mafuta, pale nilipogeuza kwa kupotea njia, ilinilalamikia.

Muuzaji anaitwa Wesley, Mjaluo mnene mwenye kicheko, ana uwanja wa vyuma vikuukuu njia ya kushuka ziwani. Sikumweleza mimi ni nani. Nilimwambia tu kwamba nimeifunga ile difu ya Ahmednur na ningependa kuiona gari ilikotoka. Akasema hakuna taabu, mzee wangu, akanipeleka nyuma.

Altezza nyeupe ilikuwa juu ya mawe, haina tairi, haina viti, haina milango ya mbele. Kuku alikuwa ametaga pale pa dereva. Kwenye kila bolti iliyobaki kulikuwa na nukta nyekundu.

Wesley ni mtu wa hadithi, sikuhitaji kumwuliza mengi. Alisema gari ilikuwa ya msichana mmoja Mkisii, fundi hasa, hajaona kama yule. Alikuwa amekodi kibanda hapo juu, ambapo sasa wanakaanga chipsi. Mwanzoni wateja walimjia. Halafu watu wa Migori wakaleta maneno. Hapo akaniangalia machoni, akashusha sauti.

"Wanasema baba yake mwenyewe, fundi mkubwa huko Migori, aliikataa kazi yake mbele ya watu. Sasa omera, kama baba amekukataa, nani atakupa gari yake?"

Nilishika mlango wa nyuma wa ile gari. Wesley akaendelea, hajui anamchoma nani. Msichana alivumilia karibu miaka miwili. Alianza kuuza rimu, kisha viti, kisha injini, kisha bodi tupu ikavutwa hapa. Difu aliiuza mwisho kabisa, aliileta mwenyewe kwa mkokoteni akiwa amelia njiani, macho yalionyesha. Alisema hataki ichezewe, iende kwa mtu mwenye shida nayo kweli. Sasa yuko Saudia, mwezi wa nane huu, anafanya kazi za nyumbani.

"Kazi za nyumbani," nikasema.

"Za nyumbani," akasema Wesley. "Mikono kama ile, mzee wangu. Inafua mapazia."

Nilirudi Migori sijui nilirudije. Mokeira alikuwa jikoni akimenya ndizi. Nilisimama mlangoni nikalitaja jina ambalo sikuwa nimelitaja miaka mitatu. Nikasema Nyatichi yuko Saudia. Hakugeuka. Akasema anajua. Nikamwuliza anajuaje, na kwa nini mimi sijaambiwa, na sauti ikaanza kupanda kama kawaida yangu.

"Wewe ulisema lisitajwe mezani," Mokeira akasema. "Sijalitaja mezani. Mimi huongea naye hapa jikoni, kila Sabato ukilala mchana."

Akaweka kisu chini. Ndipo alipogeuka, na nikaona kwamba miaka yote hiyo alikuwa amenikasirikia na mimi nikidhani anazeeka tu. Akasema mtoto huuliza kila mara kama mgongo wa Tata unamsumbua. Akasema mtoto huuliza kama Tata ameuliza. Na yeye kila Sabato humjibu bado. Kisha akaniandikia namba kwenye karatasi ya pakiti ya unga, akarudi kwenye ndizi zake.

Nilienda kukaa ndani ya gari ya Ahmednur. Nilibonyeza pale pa kurekodi sauti nikasema, "Nyatichi, ni mimi," nikakwama. Ni mimi nani? Nikifuta naanza tena, nikifika hapo nakwama hapohapo. Tata nilikuwa nimeikataza mwenyewe. Fundi ndiye aliyemfukuza. Mtu wa miaka hamsini na nane, na mdomo wote huu, nilishindwa kutaja jina langu kwa mwanangu.

Mwisho nikafanya ninachokijua. Nikawasha gari, nikakata usukani mpaka mwisho, nikazunguka uwanja wa nyumba nikiwa nimeishusha simu karibu na kiti cha nyuma. Gru, gru, gru. Nikasimama, nikasema, "Hii kelele ni ya nini?" Ni swali ambalo nilipaswa kumwuliza siku ile ya Arasa, kabla sijasema kitu. Nikatuma.

Jumatatu saa nne asubuhi simu ikatetemeka mfukoni. Nilienda nyuma ya gereji, kwenye lundo la matairi mabovu, nikaiweka sikioni. Kwanza nilisikia maji yakimwagwa kwenye ndoo. Kisha sauti yake, ya chini, ya mtu asiyetaka kusikika chumba cha pili.

"Habari ya kazi, Fundi. Hiyo haijaharibika. Umeweka oili ya kawaida, ndiyo maana inalia zaidi. Mwaga hiyo, weka ile ya LSD, halafu zunguka kwa umbo la nane, polepole, mara kumi, oili iingie katikati ya sahani. Itapungua lakini haitaisha. Mwambie mwenye gari asiogope. Ni hayo tu, Fundi."

Nilisikiliza mara nne. Sauti yenyewe haikuwa na hasira. Ilikuwa ni sauti ya mtu anayemjibu mteja vizuri, kama nilivyomfundisha. Nilitafuta ile Tata ya kinuni toka mwanzo hadi kule mwisho maji yanapokatika, na haikuwemo.

Hapo sikukwama tena. Nikabonyeza, nikasema yote mbio kabla kiburi hakijanirudia. Nikasema ni mimi Tata. Nikasema alikuwa sahihi na mimi nilikosea, na nilimwaibisha mbele ya watu kwa sababu ya neno, si kwa sababu ya difu. Nikasema nimeiona gari yake huko kwa Wesley. Nikasema gereji ni yake, arudi hata kesho, nitakaa mimi kwenye benchi. Na mgongo unauma, ndiyo, asante kwa kuuliza. Nikatuma. Alama mbili zikageuka buluu mara moja. Alikuwa amesikiliza.

Nikangoja. Hakuna kitu. Nikaenda mjini nikatafuta oili ya LSD maduka matatu hadi nikaipata, nikamwaga yangu, nikajaza. Nikatoka uwanjani nikazunguka nane, polepole, nikahesabu kumi. Kelele ilipungua. Haikuisha, kama alivyosema.

Ahmednur alikuja adhuhuri kuchukua gari. Aliizungusha mara moja akasema loo, Mzee, umeifanyaje? Nikamwambia nimeelekezwa na fundi aliye mkubwa kwangu. Alidhani namtania. Tulikuwa bado tumesimama pale simu ilipotetemeka, nikaichomoa haraka hadi ikataka kuanguka. Safari hii ilikuwa ni maandishi, mstari mmoja.

"Usisahau kurudia kukaza bolti za propela baada ya safari ya kwanza ndefu, Fundi."

Ahmednur akauliza kama ni habari mbaya. Nikamwambia anisubiri kidogo, kuna kitu sijamaliza. Nikachukua spana, nikalala chali, nikaingia chini ya gari. Bolti nne za propela nilizikaza mimi Ijumaa. Mbili zilikuwa zimelegea. Zile za kifuniko, zenye nukta nyekundu, hazikuwa zimecheza hata kidogo. Nikazikaza mbili zangu, kisha nikabaki kulekule chini, spana kifuani, Ahmednur akiuliza kama niko sawa, nami nikimwambia ni vumbi tu machoni. Ile sheria niliiweka mimi mwenyewe, palepale getini, na mtoto wangu bado anaitii.